Jinsi ya kujua katuni uliyofungua ni ya Japani, Korea au Uchina (kabla hujaaibika kwenye grupu)

Juzi usiku kwenye grupu letu la wapenzi wa anime, zile katuni za video za Kijapani, jamaa mmoja kapandisha picha ya Sung Jinwoo, shujaa wa Solo Leveling, macho yanawaka bluu, chini kaandika "manga bora ya muda wote, sibishani na mtu". Alibishiwa. Mpaka nalala meseji zilishapita mia mbili, huyu anasema we hiyo si manga ya Kijapani ni manhwa ya Kikorea, yule anasema zote katuni za Wachina mnagombania nini, na kuna mmoja akatangaza kwa uhakika kabisa kwamba manga ni zile za watu wenye macho makubwa na manhwa ni zile za watu warembo. Hiyo ya mwisho ndo imenifanya nikae niandike hapa, maana hata mimi mwaka mzima nilikuwa naamini kitu cha namna hiyo hiyo.

Haya twende hatua kwa hatua. Fungua katuni yako kwenye simu uwe unaiangalia huku unasoma.

Hatua ya 1: Anza na neno lenyewe

Manga, manhwa, manhua. Ni neno moja, tena moja kweli kweli. Linaandikwa kwa herufi mbili za Kichina, 漫画, maana yake ni kama michoro ya kujiachia, ile mtu anachora chochote kinachomjia. Mjapani akizisoma hizo herufi anatamka manga, Mkorea anatamka manhwa, Mchina anatamka manhua. Ni kama Yahya, Yohana na John, jina lile lile limepita kwenye midomo mitatu. Hokusai, yule mchoraji wa lile wimbi kubwa la bahari ambalo siku hizi liko hadi kwenye tisheti, alitoa kitabu cha kwanza cha michoro yake kwa jina la manga mwaka 1814, na Uchina neno likashika zaidi baada ya michoro ya Feng Zikai mwaka 1925.

Alafu jua kitu kingine: wenyewe kwao hawagawi kama sisi. Mkorea akikuonyesha Naruto atakwambia hii manhwa ya Kijapani, kwa sababu kwake neno hilo ni katuni tu, basi. Huu mgawanyo wa manga kwa Japani, manhwa kwa Korea, manhua kwa Uchina ni wetu sisi wasomaji wa nje, na unasaidia, ila ndo ujue umetoka wapi. Hii habari ya herufi moja kusomwa na midomo mitatu iweke mfukoni, tutaihitaji mbele.

Hatua ya 2: Usiangalie sura

Hapa ndo wengi wanapokosea na hatua yenyewe ni fupi. Macho makubwa hayathibitishi kitu. Osamu Tezuka, ambaye ndiye aliyeipa manga ya kisasa njia baada ya Vita Kuu ya Pili, alipenda sana katuni za Disney na macho yale yanatokea huko. Alafu wachoraji wa Korea na Uchina wa leo wamekua wanasoma manga toka wadogo. Korea ilizuia rasmi burudani za Kijapani mpaka 1998 ndo ikaanza kulegeza, lakini Slam Dunk, manga ya mpira wa kikapu, walikuwa wanaisoma, ila majina yote yakabadilishwa ya Kikorea, yule mwenye nywele nyekundu Sakuragi Hanamichi wao wanamjua kwa jina la Kang Baek-ho, na kuna watu wazima kule mpaka leo ukiwatajia Sakuragi wanakutolea macho. Sasa mchoraji aliyelelewa na Kang Baek-ho unategemea achore nini? Sura zimechanganyikana, achana nazo.

Hatua ya 3: Sogeza kidole

Hii kwangu ndo hatua kubwa kuliko zote, ukiikosea hii zilizobaki hazitakusaidia sana. Swali ni hili: ukisoma unafungua ukurasa baada ya ukurasa, au unashuka tu chini kama unavyoshuka Instagram?

Kama ni kurasa, zenye paneli (vile visanduku vya picha) kubwa na ndogo zimepangwa kama vigae, uwezekano mkubwa ni Japani. Kama ni mteremko mmoja mrefu usio na kurasa, picha moja, nafasi, picha nyingine, nafasi, basi mara nyingi ni Korea au Uchina.

Kwa nini? Kwa sababu manga inazaliwa kwenye gazeti. Lile Weekly Shonen Jump lilianza 1968, ni dude nene kama kitabu cha simu cha zamani, karatasi ya bei chee, ndani hadithi ishirini hivi za watu tofauti, kila mmoja kapewa kurasa kumi na tisa hivi kwa wiki. Katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa linatoka nakala zaidi ya milioni 6 kila wiki. Watu wanasoma kwenye treni wakifika wanaliacha. Na msomaji anatuma kadi kusema stori gani tatu kazipenda, ukiwa unashika mkia wiki hadi wiki stori yako inakatwa, hata kama ulikuwa hujamaliza kumtambulisha adui. Ndo maana manga nyingi chapta ya kwanza inakushika shingo na ukurasa wa mwisho unakuachia kitu kinaning'inia, na ndo maana mchoraji anaufikiria ukurasa mzima kama kitu kimoja: anajua ukigeuza karatasi utakutana na nini, anakificha kile kishindo nyuma ya karatasi.

Korea mambo yalienda tofauti. Walikuwa na vitabu vyao na vibanda vya kukodisha katuni, manhwabang, unalipa kidogo unakaa unasoma mpaka jioni huku unakula noodo. Alafu mdororo wa uchumi wa 1997 ukawakuta, biashara ya vitabu ikayumba, na wakati huo huo intaneti ya kasi ikaenea nchini kote haraka kuliko karibu kila mahali duniani. Kampuni ya mtandao ya kule inayoitwa Daum ikaanza kuweka katuni mtandaoni 2003, mwenzake Naver 2004. Mwanzoni ni za kusoma kwenye kompyuta, unashuka na mausi, baadaye simu janja zikaja na mteremko ule ukakaa mkononi kama uliumbwa kwa ajili ya kidole gumba. Hizo ndo webtuni.

Ngoja nikuonyeshe tofauti kwa karibu. Chukua tukio moja tu: mtu anadondoka kwenye shimo. Kwenye manga mchoraji ana ukurasa mmoja, labda mbili zilizofunguka, atakupa paneli ya mguu unateleza, paneli ndogo ya jicho, alafu unageuza, pwaa, kurasa mbili nzima za shimo na mtu mdogo kama nukta. Umeliona shimo lote mara moja. Kwenye webtuni huwezi kuona lote mara moja kwa sababu kioo ni kidogo, kwa hiyo anakudondosha wewe. Unaona mkono ukiachia kamba. Unashuka, weusi mtupu. Unashuka tena, weusi. Tena, unaanza kujiuliza simu imeganda au bando limekata, ndo unakuta kidoti cheupe kimeandikwa "aah". Unashuka tena ndo unakutana na maji. Zile nafasi tupu siyo uvivu wa kuchora, ni saa, mchoraji anakupimia muda kwa urefu wa mteremko. Mtu akikwambia webtuni zina nafasi nyingi za bure mwambie asome polepole.

Uchina wana njia ndefu zaidi. Shanghai miaka ya 1920 kulikuwa na vile vitabu vidogo vya kuenea kiganjani, lianhuanhua, picha moja kila ukurasa na maelezo chini, watoto wanakodi vibanda vya mtaani. Baadaye Hong Kong ikashika usukani na katuni za ngumi: Wong Yuk-long na mashujaa wake wa mtaani kuanzia 1970, Ma Wing-shing na katuni yake Fung Wan mwaka 1989, nyingi za rangi, misuli kila mahali, zinachorwa na studio nzima huyu anachora vichwa yule anapaka rangi. Leo nyingi unazokutana nazo ni za kushuka kama za Korea, zinatolewa na kampuni kama Kuaikan na Tencent, ila ule mtindo wa studio na rangi nyingi haujaenda popote.

Hatua ya 4: Angalia upande wa kuanzia

Manga inasomwa kulia kwenda kushoto. Ukurasa mzima. Unaanza paneli ya juu kulia, unaenda kushoto, unashuka mstari wa pili, unaanza tena kulia, na maputo ya maneno ndani ya paneli nayo hivo hivo, la kulia ndo linaongea kwanza. Mimi manga yangu ya kwanza niliisoma kinyume chapta tatu. Mtu anapigwa ndo anatukana, jibu linatoka kabla ya swali, na mimi nikawa nasema aisee hawa Wajapani wana akili ya ajabu, stori imefumwa kinoma. Ni binamu yangu ndo aliyenichungulia begani akacheka mpaka akakaa chini. Waliosoma madrasa hii haiwasumbui hata dakika moja, mkono wenyewe unajua.

Zamani matoleo ya Kiingereza yalikuwa yanageuza picha kama kwenye kioo ili zisomwe kushoto kwenda kulia, matokeo yake kila mtu akawa anatumia mkono wa kushoto na panga limefungwa upande usio wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kuacha zilivyo.

Za Korea, hata zile za karatasi, zinaenda kushoto kwenda kulia kama kitabu chetu. Za Uchina bara vile vile. Ila za karatasi za Hong Kong na Taiwan mara nyingi zinaanzia kulia, kwa hiyo kulia-kwenda-kushoto peke yake haitoshi kusema Japani.

Kitu kingine kidogo cha kuangalia ni umbo la maputo. Maandishi ya Kijapani kwenye manga yanasimama, yanashuka kutoka juu, kwa hiyo puto limechorwa refu na jembamba. Wakishatafsiri, maneno yetu ya kulala yanabanwa mle ndani kama abiria wa daladala ya saa kumi na mbili jioni, neno moja linakatwa mistari mitatu. Ukiona hivo, Japani hiyo. Puto la Kikorea ni pana, maneno yanakaa yamejinyoosha.

Hatua ya 5: Rangi

Nyeusi na nyeupe ni Japani, rangi tupu ni Korea na Uchina, mara nyingi. Gazeti la bei rahisi haliwezi rangi kila ukurasa, simu inaweza, ndo sababu nzima. Ila kuna manga zimepakwa rangi baadaye, kurasa za mwanzo za baadhi ya chapta nazo huwa na rangi, na manhwa za zamani za vitabu ni nyeusi na nyeupe. Usiisimamie hii peke yake.

Hatua ya 6: Vuta picha, soma maandishi waliyosahau

Hata ikitafsiriwa vizuri, kuna maandishi huwa yanabaki kwenye picha: vibao vya maduka, meseji kwenye simu ya mhusika, na zaidi ya yote sauti, zile dwi na pwaa zilizochorwa kubwa nyuma ya ngumi. Vuta karibu. Huna haja ya kujua kusoma hata herufi moja.

Ukiona viduara, vidogo vya mviringo kabisa kama kitufe, vimekaa na vijiti vilivyonyooka, mfano 이 au 응, hiyo ni Kikorea, na hapo kesi imekwisha. Hakuna mwingine kati ya hawa watatu mwenye herufi ya kiduara kilichokaa na kijiti namna hiyo.

Ukiona mchanganyiko, herufi nyingine nzito zina vijiti kumi na nyingine nyepesi zimejipinda, mfano ile の inayofanana na konokono, ni Kijapani. Sauti za ngumi kwenye manga ziko kwa herufi kali zenye kona, kama ドドド.

Ukiona herufi zote nzito, kila moja imejaza kijisanduku chake, hakuna konokono hakuna kiduara, mfano 漫画 au 的, ni Kichina.

Na sauti zenyewe zina ladha. Moyo ukienda mbio Japani ni doki doki, Korea dugeun dugeun, Uchina putong putong. Wajapani wamefika mbali mpaka wana sauti ya ukimya, shiin, inachorwa kabisa chumba kikiwa hakuna anayeongea, na sisi tuliozoea kusema kimya jii na giza totoro ndo tungekuwa wa kwanza kuwaelewa, lakini tafsiri za Kiingereza zinahangaika nayo mpaka huruma.

Hatua ya 7: Sikiliza majina na wanavyoitana

Majina ya Kijapani kwetu ni rahisi mno, karibu kila silabi inaishia na irabu: Tanaka, Yamamoto, Nagato. Jina kama Wakamoto ungelikuta kwenye daftari la mahudhurio shule ya Kisarawe usingeshtuka. Kikorea ni ukoo wa silabi moja na jina la silabi mbili, Sung Jin-woo, na kina Kim, Lee na Park wamejaa, Kim peke yake ni kama Mkorea mmoja kati ya watano. Kichina ni silabi mbili au tatu fupi, Tang San, Xiao Yan, na ukiona x, zh au q imekaa mahali pa ajabu umeshafika.

Ila kinachonifurahisha mimi ni wanavyoitana, hapa Mswahili ana faida ambayo Mzungu hana. Japani wanabandika mwishoni: -san ya heshima ya kawaida, -kun kwa kijana, -chan kwa mtoto au mtu unayemdekeza, senpai kwa aliyekutangulia shule au kazini. Korea ni undugu: mvulana anamwita kaka mkubwa hyung na dada mkubwa noona, msichana anamwita kaka oppa na dada unnie, na siyo lazima mwe ndugu, ni kama tunavyosema kaka na dada kwa mtu wa mtaani, mwanaume wa makamo ni ahjussi. Alafu kuna lugha ya chini na lugha ya heshima, banmal na jondaenmal. Utakuta kwenye manhwa watu wawili wanataka kupigana na wewe huoni kosa, jamaa kauliza tu "umekula?" Kosa ni kwamba kauliza kwa lugha ya chini. Fikiria dogo wa darasa la tano anampita babu barazani anamwambia "mambo vipi". Umeona sasa kwa nini meza inapinduliwa.

Uchina kwenye stori za ngumi na majini ya milimani wanaitana kwa undugu wa mwalimu: shifu ni mwalimu, shixiong ni kaka yako kwa mwalimu, shijie dada, shidi mdogo wako. Na mara nyingi ukaka huo hautokani na umri, unatokana na nani aliingia kwa mwalimu kwanza, kwa hiyo unaweza kumkuta mzee mwenye ndevu anamwita kaka kijana wa miaka ishirini.

Hatua ya 8: Angalia shujaa anapandaje

Siyo kanuni, ni tabia tu, lakini ukisoma nyingi unaanza kuisikia.

Shujaa wa manga za vijana anapanda na wenzake. Anaanza hajui kitu, anapata marafiki, kuna mafunzo, kuna mashindano, adui wa leo kesho ni rafiki, na anaweza kuchukua miaka kumi na tano. Naruto ilianza 1999 ikaisha 2014 kwa chapta 700. One Piece imeanza 1997 na mimi nina mdogo wangu kazaliwa baada yake sasa hivi ana mtoto.

Shujaa wa manhwa za simu mara nyingi anapanda peke yake na anaona namba. Kibao cha bluu kinatokea mbele ya uso, nguvu 48, kasi 52, kazi ya leo pushapu mia. Amesalitiwa, amekufa, amerudi miaka kumi nyuma na kumbukumbu zote, safari hii hawamuwezi. Au ni dada kaamka ndani ya riwaya aliyokuwa anasoma, kawa yule mwanamke mbaya atakayekatwa kichwa mwishoni, kuna bwana mmoja wa kaskazini hacheki na mtu. Nyingi zinatokana na riwaya za mtandaoni, Solo Leveling yenyewe ilikuwa riwaya ya Chugong kwanza, ikachorwa kuanzia 2018.

Shujaa wa manhua anapanda ngazi. Anakaa chini anavuta pumzi ya mbingu na ardhi, anameza vidonge, anavunja ngazi moja anaingia nyingine, kuna ya kukusanya chi (ndo hiyo nguvu ya pumzi), ya kujenga msingi, ya kiini cha dhahabu, na kila akifika anagundua juu kuna dunia nyingine yenye watu wanaomuona yeye sisimizi. Na lazima kuna mtoto wa tajiri. Mtoto wa tajiri anamtukana sokoni, anapigwa, anakuja kaka yake, anapigwa, anakuja baba, anakuja babu aliyelala pangoni miaka elfu. Utakutana na msemo "una macho lakini huuoni Mlima Tai", huo ni msemo wao halisi, maana yake umesimama mbele ya mkubwa hujamtambua. Tafsiri nyingi zinaupeleka neno kwa neno, nilidhani jamaa ana shida ya macho.

Maoni yangu, na mnipige mawe: manhua nyingi za ngazi zinaanza na michoro ya kufa mtu, chapta ya mia na kitu unaona nyuma ni milima ya kompyuta ile ile na watu wamesimama kama picha ya pasipoti. Studio inakimbizana na riwaya yenye chapta elfu, nawaelewa, ila naona.

Hatua ya 9: Mitego

Hapa ndo grupu letu lilipofia, kwa hiyo soma taratibu.

Mtego wa kwanza ni mahali. Kingdom ya Yasuhisa Hara ni ya vita vya Uchina ya kale, mashujaa Wachina, farasi Wachina, lakini ni manga, inatoka Japani toka 2006. Na manhwa nyingi za ngumi zinatokea kwenye Mlima Hua, mlima wa Uchina kabisa, na ni za Kikorea. Utajuaje? Toa lile neno la hatua ya 1 mfukoni. Herufi ni zile zile, mdomo ndo tofauti. Mfalme wa Kingdom anaitwa Ei Sei, Wachina wanamwita Ying Zheng. Mlima Hua ukiitwa Huashan ni Mchina anaongea, ukiitwa Hwasan ni Mkorea. Wakiitana sahyung badala ya shixiong, Korea. Hata Son Goku wa Dragon Ball ni hivo hivo, ni Sun Wukong yule nyani wa hadithi za Kichina aliyepita mdomo wa Kijapani, Wakorea wanamwita Son Ogong.

Mtego wa pili ni majina ya kubandika. Solo Leveling toleo la Japani wamebadilisha, Sung Jinwoo anaitwa Mizushino Shun na stori imehamishiwa Tokyo. Yaani yule jamaa wa grupu angekuwa amesoma toleo hilo angekuwa na ushahidi wa kutuaibisha wote na bado angekuwa amekosea. Kwa hiyo jina peke yake, hapana. Rudi kwenye mteremko, tafuta viduara.

Mtego wa tatu ni kuona anime ukadhani chanzo ni manga. Anime ya Solo Leveling ya 2024 imetengenezwa na studio ya Kijapani, hilo haliifanyi stori ya Kijapani. Tower of God, webtuni ya Mkorea anayejiita SIU, ni hivo hivo.

Ukikwama angalia vitu vya mezani na mwilini. Chupa ya kijani na vikombe vidogo ni soju, Korea. Shujaa anakula noodo moja kwa moja kutoka kwenye sufuria huku anatumia mfuniko kama sahani, Korea tena. Wanafunzi wamevaa traksuti kubwa za kuwaning'inia, Uchina. Sare za kibaharia, Japani. Mtu analipa elfu hamsini kwa chakula bila kushtuka, hizo ni won, siyo tajiri, karibu na sisi tu kwa wingi wa masifuri.

Hatua ya 10: Ukitaka kusoma sasa

Za Japani ingia MANGA Plus, ni ya wenyewe Shueisha wenye Jump, ipo toka 2019, chapta tatu za mwanzo na tatu za mwisho za stori nyingi ni bure. Za Korea kuna WEBTOON, nyingi bure, ila za mbele unasubiri au unalipa. Kiswahili hakuna kote huko, unasoma Kiingereza au Kifaransa. Nilianza na skani za wizi kama wengi wenu, sitajifanya, tatizo ukiacha la mchoraji kukosa hela ni kwamba kurasa zinaruka na hujui, unadhani mwandishi kachanganyikiwa.

Bando: webtuni ya rangi inakula kuliko manga ya nyeusi na nyeupe, chapta kwa chapta utaiona tofauti. Pakua usiku ukiwa kwenye wai-fai, ukilala na skroli saa sita usiku kidole hakijui kusimama, hakuna ukurasa wa mwisho wa kukukumbusha kesho kazini.

Na kama unasoma manga kwenye programu ya kawaida ya kusomea vitabu, ingia kwenye mipangilio kwanza ubadilishe upande wa kugeuza kurasa uwe kulia kwenda kushoto. Mimi sikujua kama hicho kitufe kipo, ndo zile chapta tatu.